Nile Wapi Tanga? Historia Fupi ya Sahani ya Msafiri

Anayekwenda Tanga kwa mara ya kwanza huniuliza swali moja kabla ya yote: nile wapi? Swali lina haki yake. Kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa, Tanga imevumishwa kwa mapishi. Watu husimulia samaki wa kupaka, mbaazi za nazi, wali uliochambuka punje kwa punje, mpaka ukadhani mji mzima ni jiko moja. Basi mgeni anashuka stendi ya Kange, anaingia mjini kuitafuta hiyo sifa, na baada ya siku mbili anaanza kunitumia ujumbe. Hoteli ya kwanza: wali maharage, wali nyama, ugali samaki, chipsi. Ya pili: hivyo hivyo. Ya tatu, ile ya ufukweni yenye vitambaa mezani, ambayo jina lake naliweka kibindoni: chipsi kuku, tambi, na samaki aliyekaangwa mpaka hana tena la kusema. "Sasa hicho chakula cha Tanga kiko wapi? Au mlikuwa mnatupiga fiksi?"

Hakuna aliyempiga fiksi mtu. Chakula kipo, tena cha kila namna. Ila msafiri anakitafuta mahali ambapo historia haikukiweka. Katika pwani hii hoteli na chakula kizuri vilizaliwa nyumba mbili tofauti, na kila kimoja kina wazazi wake. Ndiyo maana jibu langu kwa "nile wapi" huwa refu. Linaanza mwaka 1331.

Mwaka huo Ibn Battuta, mtu wa Tangier huko Moroko, alifika Mogadishu kwa jahazi, kisha akaendelea kusini kupitia Mombasa hadi Kilwa. Katika wasafiri wa zamani waliopita pwani yetu, huyu ndiye aliyekuwa na macho ya mlaji. Anasimulia kwamba jahazi likitia nanga Mogadishu, vijana wa mji hulifuata kwa mashua, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humkabidhi mfanyabiashara mmoja ile sahani na kutangaza: huyu ni mgeni wangu. Tangu hapo mfanyabiashara haendi kulala popote ila kwa yule kijana, isipokuwa awe ni mtu aliyeuzoea mji na wenyewe wanamjua. Mwenyeji ndiye atakayemuuzia bidhaa zake na kumnunulia anachotaka. Mtu akifanya biashara na mgeni bila mwenyeji kuwapo, au akampunja bei, biashara hiyo haihesabiki.

Tunapenda kusema "mgeni njoo, mwenyeji apone," na tunaisema kwa tabasamu, kama sifa ya ukarimu wetu. Ukiisoma pamoja na habari hizi za Ibn Battuta, methali inapata uzito mwingine. Mwenyeji alikuwa anapona kwelikweli, kwa fedha taslimu. Ile sahani iliyofunikwa ilikuwa ukarimu, sikatai, lakini ilikuwa pia mkataba. Ukishakula umeshakuwa wa mtu.

Ibn Battuta mwenyewe hakuwa mfanyabiashara bali mwanachuoni, kwa hiyo alipokewa kwa kadhi na akaletewa chakula kutoka nyumba ya Sultani. Ameandika alichopakuliwa: wali wa samli katika sinia kubwa la mbao, na juu yake michuzi ya kuku, ya nyama, ya samaki na ya mboga. Pembeni palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, achari ya ndimu, pilipili zilizosindikwa kwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Vyakula hivyo vililetwa mara tatu kwa siku. Akashangaa na kusema kwamba mtu mmoja wa Mogadishu anakula kiasi cha kundi zima la watu wa kwao.

Hakuna hoteli humo, na hakukuwa na haja yake. Mwenye heshima alikuwa na mwenyeji, na mwenyeji alikuwa na jiko. Chakula kizuri cha pwani kilikaa ndani ya nyumba, na kilitoka nje pale tu kilipomfuata mgeni wa nyumba hiyo. Asiyekuwa na mwenyeji, baharia au mpagazi, alikula alichobeba.

Hebu tuitazame tena orodha ya vyakula vya 1331, safari hii kwa kile kisichokuwamo. Hamna mahindi, hamna muhogo, hamna maharage, hamna nyanya. Zile pilipili za kusindikwa haziwezi kuwa pilipili kali zetu za leo, maana mmea huo ulikuwa bado uko ng'ambo ya pili ya Atlantiki. Vyote hivyo, pamoja na viazi, karanga, nanasi, papai na mapera, vilitoka katika mabara ya Amerika na vilianza kutufikia baada ya 1492, vingi kwa mikono ya Wareno. Tumevipokea mpaka tukasahau vilikotoka. Mahindi tumeyapa jina utadhani yaliletwa na Wahindi. Msafiri anayelalamika kwamba hoteli za Tanga hazina "chakula cha asili" ana hoja kuliko anavyojua, kwani ukitoa kwenye wali maharage kila kilichovuka Atlantiki, unabaki na wali na kitunguu.

Sasa tuulize swali ambalo Ibn Battuta hakuliuliza. Nani alikuwa jikoni?

Kwa hili Pangani ni shule nzuri, kilomita kama hamsini kusini mwa Tanga. Katika karne ya 19 mji ule ulitajirika kwa pembe za ndovu zilizoshuka na misafara, na kwa mashamba ya miwa kandokando ya mto. Mashamba yale yalilimwa na watumwa. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa Pangani Desemba 1889, alikuwa naye na shamba la miwa karibu na hapo. Mwanahistoria Jonathon Glassman ameandika kitabu kizima kuhusu mji huo wa miaka hiyo, kilichotoka mwaka 1995, na neno la kwanza katika jina la kitabu chake ni karamu. Hoja yake, kwa ufupi wangu mimi, ni kwamba karamu zilikuwa uwanja wa mapambano. Mtu wa pwani alithibitisha ungwana wake kwa kulisha wengine, na watu waliodharauliwa, wageni wa bara, wapagazi, watumwa, nao walidai nafasi katika karamu hizo: wakae wapi, wale na nani, nao wawe wenye kualika. Aliyelisha alikuwa juu, aliyelishwa akawa chini. Anayetaka kuisikia dunia hiyo kwa Kiswahili cha wakati wake amsome Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, ambaye Desturi za Wasuaheli yake ilichapwa Ujerumani mwaka 1903.

Kwa hiyo tukisema "mapishi ya pwani" tunasema pia habari za wajakazi na masuria waliokuna nazi zile, waliotwanga mpunga ule, na ambao majina yao hayakuandikwa popote. Sheria ya kufuta utumwa Tanganyika ilikuja mwaka 1922 tu. Tukiwasifia bibi zetu kwa mkono wa kupika, wengine kati ya waliowafundisha hawakuwa huru hata kuondoka jikoni.

Tena kuna upande wa giza zaidi. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliipiga nchi ya Wazigua, nyuma ya mwambao wa Pangani na Sadani. Simulizi za wazee zinasema watu walishuka pwani kutafuta chakula, wakaahidiwa kazi ng'ambo kwa malipo ya chakula, na kwamba njaa ikiisha watarudishwa. Wakapanda majahazi. Yalikwenda kaskazini, hadi pwani ya Somalia, na huko wakauzwa. Wengi wao na watoto wao walitoroka, wakajikusanya katika misitu ya mto Juba, wakalima, wakaendelea kusema Kizigua.

Ukiviweka visa hivi viwili pamoja unaona kitu. Mogadishu, sahani inakwenda jahazini na kumshika tajiri. Pangani, maskini anaifuata sahani mpaka jahazini, na jahazi linaondoka naye. Nguvu inayofanya kazi ni ile ile: aliye mbali na kwao hana jiko, na asiye na jiko yuko mikononi mwa mwenye nalo.

Tuje sasa kwa watu ambao hakuna aliyewapelekea sahani iliyofunikwa. Misafara iliyotoka Pangani kwenda Kilimanjaro na Umasaini ilikuwa na wapagazi wengi, na kila mmoja alipewa posho. Leo posho ni bahasha ya semina, lakini wakati huo ilikuwa ni riziki ya siku, na mara nyingi haikuwa chakula chenyewe bali kipande cha kitambaa au shanga, ukajinunulie njiani kwa bei utakayoikuta. Kitambaa chenyewe mara nyingi kilikuwa merikani, kile cheupe kilichobeba jina la nchi kilikofumwa. Nguo ya Marekani ikabadilishwa kwa mahindi yenye asili ya Amerika, katikati ya nyika ya Tanga, na mtu aliyefunga mzigo wa frasila mbili kichwani.

Mwaka 1893 mambo mawili yalitokea yaliyoligeuza neno posho. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga kwenda bara. Kufikia 1912 ilikuwa imefika Moshi. Na mtaalamu wao wa kilimo, Richard Hindorf, alipokea Kikogwe, karibu na Pangani, miche ya mkonge aliyoiagiza kutoka Florida. Aliagiza 1,000, ikafika hai 62. Kutokana na miche hiyo 62 yakatoka mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, na mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000.

Mkonge ulihitaji mikono, na watu wa pwani hawakuipenda kazi ile. Basi wakaletwa watu kutoka mbali: Waha wa Kigoma, Wangoni wa Songea, Wanyaturu, Wamakonde kutoka Msumbiji, watu wa Rwanda na Burundi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo maalumu cha kuwakusanya, SILABU. Kila aliyeandikishwa alipewa namba, na kutoka hapo likaja jina lao, manamba. Kazi ilihesabiwa kwa kipande cha siku 30, na chakula kilitoka kwa mwajiri kwa kipimo: unga wa mahindi, maharage, chumvi, na kulingana na shamba na msimu, karanga, mafuta au nyama kidogo. Walifanya kazi kwa magengi, na neno hilo la kazi likahamia kwenye chakula. Mpaka leo genge ni kundi la vibarua, na ni kibanda kinachouza vyakula.

Hapo ndipo unapozaliwa ule ugali maharage unaomchosha rafiki yangu. Hakuna bibi wa Tanga aliyekaa akaubuni. Ulipangwa na mtu wa hesabu, aliyetaka kujua ni gharama ipi ndogo kabisa itakayomwezesha mtu kukata majani ya mkonge tangu alfajiri.

Na hoteli? Neno hili tumelifanyia kitu kizuri. Kwa Mjerumani na Mwingereza ni nyumba ya kulala wageni. Kwetu ni mahali pa kula, na ukitaka kulala unauliza gesti. Tanga ya Wajerumani ilikuwa na Hoteli Kaiserhof. Waingereza walipoleta majeshi kutoka India mwezi Novemba 1914 kuuteka mji, wakashindwa vibaya, mapigano ya mitaani yalifika hadi hapo. Mwafrika aliingia katika nyumba kama hiyo kwa mlango wa nyuma, akiwa amevaa kanzu nyeupe ya kuhudumia. Hoteli kubwa za Tanganyika zilibaki za Wazungu kwa miongo mingi baadaye. Naona basi kama wafanyakazi wa mji walilichukua lile neno kutoka kwenye jengo wasiloruhusiwa kukaa, wakalibandika kwenye chumba cha bati chenye mabenchi manne na birika la chai. Wakasema: hii ndiyo hoteli.

Vyumba hivyo vilienea Ngamiani, katika zile barabara zake zinazokwenda kwa namba, na kandokando ya reli Muheza, Korogwe na Mombo. Waliovifungua mara nyingi walikuwa Washihiri kutoka Hadhramaut na Wahindi, kisha Waswahili wenyewe. Humo ndimo vilimokutana chai ya maziwa, chapati, sambusa, maharage ya posho na mchuzi wa nazi. Waliokula humo walikuwa manamba waliomaliza kipande, wafanyakazi wa reli na bandari, na makarani waliohamishwa huku na huku. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapo Tanga, alikuwa mmoja wa kizazi hicho cha makarani. Aliingia idara ya forodha mwaka 1926, Pangani ikiwa mojawapo ya vituo vyake, na baadaye alihamishiwa Mpwapwa kabla ya kurudi Tanga.

Sasa ingia katika hoteli hiyo kwa miguu ya mtu wa namba. Miezi na miezi amekula alichopimiwa na mwajiri. Kijijini alikula alichogawiwa na wakubwa. Angekuwa amekuja karne moja nyuma, angekula kwa mwenyeji na kuwa mtu wa mwenyeji, au angekosa kabisa na kuangukia jahazini. Leo ana shilingi yake. Anakaa kwenye benchi, anaulizwa: maharage au nyama? Anachagua. Anakula, analipa, anafuta mdomo, anaondoka, hana deni la shukrani kwa mtu yeyote. Chakula ni hafifu, lakini ni chakula cha kwanza katika pwani hii ambacho msafiri asiye na jina alikila akabaki wa kwake mwenyewe. Mimi siwezi kuudharau wali maharage nikikumbuka hilo.

Mpaka hapo tuna nyumba mbili. Ndani ya nyumba za watu, nyuma ya pazia, kuna mapishi yote yenye sifa. Nje kuna hoteli, yenye uhuru na isiyo na ladha. Kilichopita kati yake kwa muda mrefu kilikuwa sinia kichwani mwa mtoto. Mama asiyetoka kwenda sokoni alipika vitumbua au visheti alfajiri, na mtoto akavizungusha mitaani kabla ya chuo. Chakula kilitoka, mpishi akabaki ndani.

Aliyemtoa mpishi nje ni shida. Nyuzi za viwandani ziliangusha bei ya mkonge tangu katikati ya miaka ya 1960, na mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa huku soko likizidi kuporomoka. Ukame wa miaka ya 1970 ulileta meli za nafaka ya msaada, yakiwamo mahindi ya njano kutoka Marekani. Watu waliuita ugali wake "ugali wa Yanga," kwa rangi ya jezi, na wapo wazee hadi leo ukiwatajia wanakunja uso. Baada ya vita vya Kagera, mshahara wa mume haukufikisha tena katikati ya mwezi. Wanawake wa Tanga, kama wenzao wa miji yote ya Tanzania, wakachukua masufuria ya nyumbani, wakayaweka barabarani, wakawasha moto.

Serikali haikuwapenda. Mwaka 1983 ilipitishwa sheria ya Nguvu Kazi, na katika msako wake mtu asiye na kitambulisho cha kazi alihesabiwa mzururaji. Mama anayepikia watu mia kwa siku, ati hana kazi. Hawakuondoka. Wateja wakawapa jina kutokana na kile walichokuwa wakisema wakisogeza bakuli: mama, nitilie. Mama ntilie. Baadaye wastaarabu wakalisafisha likawa mama lishe, lakini mimi napenda lile la kwanza, kwa sababu ndani yake unamsikia mteja.

Jina hili limeunganisha zile nyumba mbili. Unalipa kama hotelini, kwa hiyo huna deni. Lakini humwiti mwenye hoteli wala bosi, unamwita mama, naye anakuita mwanangu, hata kama umemzidi miaka mitano. Ukisema "mama niongeze mchuzi," anaongeza, na mchuzi hauandikwi popote. Ni sahani iliyofunikwa ya Mogadishu, safari hii bila kamba.

Basi sasa naweza kujibu. Nile wapi Tanga? Nikiulizwa hivyo mimi hujibu kwanza: ule saa ngapi? Anayetafuta vyakula vya aina mbalimbali katika orodha moja, mezani pamoja, amekuja na desturi ya mji mwingine. Tanga aina zake zimegawanywa kwa saa. Alfajiri tafuta moshi: vitumbua vya unga wa mchele, tui na hiliki, vikiwa bado vinachuruzika mafuta, muhogo wa kuchoma kwa chumvi na pilipili, maandazi na mbaazi za nazi. Mchana fuata mafundi na makuli, wao wanajua mama yupi anaweka tui la kweli kwenye kisamvu na yupi anatia maji. Alasiri kaa barazani, muuza kahawa apite na dele lake akigonganisha vikombe, na kashata ziwe karibu. Jua likizama, mishkaki, bajia, kachori, urojo, na supu ya pweza kwa wanaoiamini. Samaki nunua mwenyewe mwaloni Deep Sea, kisha muombe mama akupikie. Atakutajia bei ya kupika bila kuona ajabu.

Na ukibahatika kuwa mjini mwezi wa Ramadhani, usikae hotelini magharibi. Kuna futari za kila namna: muhogo wa nazi, maboga, tambi za sukari, kaimati, uji wa pilipili manga, ndizi za nazi. Zile ndizi mbichi alizopikiwa Ibn Battuta kwa maziwa nazionea undugu na hizi zetu za tui. Mtu akikualika, nenda. Mwenyeji atapona, nawe utashiba, na siku hizi hakuna atakayekuuzia bidhaa zako.

Bado wale waliopanda majahazi. Vita vya Somalia vilipoanza mwaka 1991, wazao wa mto Juba walikuwa miongoni mwa waliopata mateso makubwa, maana walikuwa wakulima wasio na ukoo wa kuwatetea na maghala yao yaliporwa. Maelfu walikimbilia makambi ya Kenya. Wengine waliteremka hadi Tanga, wakasema kwa Kizigua kwamba wamerudi kwao. Wakapewa ardhi Chogo, wilayani Handeni, na baadaye wengi wakapata uraia, karibu karne mbili baada ya ile ahadi ya kurudishwa njaa ikiisha. Na kuanzia 2003 zaidi ya 10,000 wa jamii hizo za Juba, Wazigua na wengineo, walipokewa Marekani, wakatawanywa katika miji mingi tangu San Diego hadi Lewiston, Maine.

Huko, kama kila mgeni asiye na mwenyeji, walikuta chakula kingi na hakuna kilicho chao. Unga wa dukani ulikuwa mwororo mno, hauna ladha. Basi wale wa Maine wakatafuta mashamba, wakapanda mahindi ya punje ngumu, wakasaga unga wao, wakala na kuuza. Mmea umerudi barani kwake, na wanaoupanda ni wajukuu wa watu waliotoka nyuma ya Pangani wakitafuta cha kula. Mtu wa Handeni akitua Marekani leo na kuuliza nile wapi, akiwapata watu wake atajibiwa kwa Kizigua.